Je, alizeti itanyonya shaba ya kiwanja chetu?

Swali: Sisi ni chama cha akina mama hapa Lubumbashi. Tumekubaliwa, kwa mdomo tu, kutumia kiwanja cha nusu hekta ambacho zamani kilikuwa karakana, upande ule moshi wa bomba kubwa la tanuru la shaba ulikokuwa unaelekea. Kuna sakafu ya beto (zege), kuta mbili zimesimama bado, na udongo mwekundu usioota kitu ila nyasi fupi zenye mashada. Kijana mmoja aliyesoma anatuambia tupande alizeti misimu miwili, zinyonye shaba yote, kisha tulime lengalenga (mchicha) na matembele. Baba mmoja mwenye kamio (lori) anasema afadhali tuondoe udongo wote tulete mwingine. Tumfuate nani?

Jibu: Mama, msimfuate yeyote kati ya hao wawili, ijapokuwa kijana hajatunga uongo. Ni kweli kuna mimea inayovuta metali kutoka udongoni na kuipandisha hadi kwenye majani. Kinachomwangusha ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu, tuifanye hapa hapa.

Chukua hekta moja, udongo wa juu wa sentimeta 20, mahali mizizi mingi inapofanya kazi. Hizo ni meta za ujazo 2,000, na kwa udongo wa kawaida ni kama tani 2,600. Tuseme kila kilo ya udongo huo ina miligramu 2,500 za shaba, kiasi ambacho upande wenu hakimshangazi mtu. Zidisha: kilo 6,500 za shaba ndani ya hekta moja. Sasa panda alizeti. Nakupa mavuno ya ukarimu, tani 10 za mimea mikavu, na nakubali kwa ukarimu mwingine kwamba kila kilo ya mmea huo imebeba miligramu 100 za shaba. Mkivuna yote na kuibeba nje ya kiwanja, bua na jani na ua, mmetoa kilo moja. Moja. Kushusha shaba kutoka 2,500 hadi 500 tu kunadai mtoe kilo 5,200, yaani mavuno 5,200 ya alizeti. Kijana alisema misimu miwili.

Hata tukiacha alizeti tukachukua mimea ya kwetu Katanga, ile ya vilima vya shaba iliyowavutia wanasayansi wa dunia nzima, kama Haumaniastrum katangense, hesabu haiponi. Ni mimea midogo, na mmea mdogo hubeba kidogo hata ukijaa metali. Isitoshe, baadhi ya vipimo vya zamani vilivyoipa sifa hiyo vilipima majani yakiwa na vumbi la shaba juu yake. Majani yalipooshwa vizuri, sehemu kubwa ya maajabu ilikwenda na maji. Na kuna jambo ambalo wauzaji wa mpango wa alizeti hawalitaji kamwe: ukishavuna, mzigo ule unaupeleka wapi? Mkiuchoma, moshi na majivu yanabaki kwenu. Mbegu zikiuzwa sokoni za kukamuliwa mafuta, basi mmelima chakula juu ya ardhi ambayo mlikubaliana haifai chakula.

Baba wa kamio tummalize upesi. Nusu hekta yenu kwa kina hicho ni tani 1,300, sawa na safari 65 za kamio la tani 20, halafu safari nyingine 65 za kuleta udongo safi, ambao umetolewa kwenye shamba la mtu mwingine. Ule mbaya utamwagwa kwenye korongo lolote, mvua ya Desemba iupeleke kwenye mto Lubumbashi, na kutoka hapo Kafubu, ambako kuna watu wanaomwagilia mboga zao. Yeye atalipwa kwa kila safari, kwa hiyo sishangai akiuona ndio ufumbuzi.

Kinachowezekana, tena kwa jembe na mikono ya akina mama, ni hiki: shaba ikae palepale ilipo, lakini ifungwe. Isiruke na vumbi, isitembee na maji, isipande kwenye sahani. Halafu matumizi ya kiwanja yafuate hali ya udongo. Ninyi mmeanza kwa kutaka mboga, sasa mnatafuta namna ya kuulazimisha udongo ukubali. Geuzeni utaratibu huo.

Upande wenu una historia yake. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, na tanuru la kuyeyushia shaba hapa mjini likaanza kazi 1911. Mwaka 1967 yote yakawa mali ya shirika la Serikali, lile lililokuja kuitwa Gécamines. Kwa miongo mingi bomba lilitoa vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi na wenzake, pamoja na gesi ya salfa ambayo ikikutana na maji inakuwa asidi. Pepo zetu nyingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mzigo huo ulishuka kaskazini-magharibi, na ndiyo maana Penga-Penga, eneo la upande huo, likawa ardhi tupu. Miti ilikatwa kwa mbao na makala (makaa), iliyobaki ikaunguzwa na asidi, na udongo ulipobaki uchi mvua ikauchukua wa juu. Kwa hiyo mna matatizo matatu yanayokaa pamoja: metali nyingi, udongo mchachu, na udongo usio na mboji. Shaba kwenye udongo mchachu usio na mboji inayeyuka kirahisi na kuushika mzizi kooni. Shaba ileile, udongo ukipunguzwa uchachu na kupewa mboji, inajibana na kutulia. Kiasi chake hakijapungua hata gramu. Kilichobadilika ni uwezo wake wa kutembea.

Sasa zile nyasi fupi. Nakuomba sana, msianze na salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ya kuzing'oa. Nimeona vikundi vikianza hivyo, vinafagia kiwanja mpaka kinang'aa, na upepo wa Agosti unafanya kazi iliyobaki. Kwa jinsi ulivyozieleza, huenda ni Rendlia altera, nyasi ya kwetu inayostahimili shaba. Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, alieleza mimea ya udongo wenye metali wa Katanga tangu 1958, na watafuta madini walijua kwamba mahali msitu unapokatika ghafla na kubaki nyasi na maua fulani, chini kuna kitu. Watafiti wa hapa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2010 jaribio la miaka miwili juu ya nyasi tatu za kienyeji, wakizipanda kwenye udongo uliotiwa miligramu 2,500 za shaba kwa kilo. Rendlia altera ndiyo iliyoongoza kwa kubaki hai hata pale udongo haukupewa chokaa wala mboji. Ikafuata Monocymbium ceresiiforme. Cynodon dactylon, nyasi ya kutambaa ambayo mnaiona kila uwanja wa mpira, haikuishi bila chokaa.

Maana yake kwenu ni kwamba kazi imeshaanza bila ninyi. Howard Odum, Mmarekani aliyetoa jina la uhandisi wa ikolojia katika miaka ya 1960, alisisitiza jambo hilo: mwanadamu anaweka kidogo, maumbile yanajipanga yenyewe kwa sehemu kubwa. Zigawanyeni zile nyasi. Mvua zikishakolea, chimbeni shada moja na donge lake, lipasueni vipande vitatu au vinne vyenye mizizi, na kila kipande kipandeni hatua ndogo kutoka kwa mwenzake, mkifuata mistari inayokata mteremko. Msitegemee mbegu, ni kazi bure. Mahali maji yanapokimbia kwa nguvu wekeni mstari wa vetiva, nyasi ndefu ambayo mizizi yake inashika udongo kwenda chini kweli.

Kabla ya kununua chokaa, pimeni. Hapa Lubumbashi tuna bahati ya ajabu: kila depo ya madini ina Metorex, ile mashine kama bastola wanayowapimia wachimbaji asilimia ya shaba, na vijana wanaoijua hawakosekani. Itawasaidia kupata ramani ya haraka, lakini isomeni vizuri. Depo husoma kwa asilimia, na asilimia moja ni miligramu 10,000 kwa kilo. Udongo ambao mnunuzi atautupa akisema "sifuri nukta tatu, hakuna kitu hapa", kwa mkulima ni miligramu 3,000, na hicho ni kitu kikubwa. Mwombeni mwenye mashine aiweke kwenye hali ya kupima udongo kama anayo, udongo uwe mkavu na uliochekechwa, na asome pia risasi na aseniki, asiishie kwenye shaba. Gawanyeni kiwanja miraba, chukueni kwenye kila mraba vijiko kadhaa, changanyeni. Pembe za kuta, mlangoni mwa karakana, mahali palipomwagwa mafuta au betri za zamani, hapo chukueni peke yake, maana karakana huwa na madoa yake ambayo hayakutoka kwenye bomba. Doa la betri ni risasi, na risasi siwezi kuichezea: mahali pakionyesha risasi nyingi, pafunikwe na mtoto asicheze pale kabisa. Jirani zetu wa Kabwe, Zambia, mgodi wao wa risasi ulifungwa 1994 na mpaka leo ni damu za watoto zinazolipa. Metorex inahesabu metali yote iliyomo, haisemi ni kiasi gani kinaweza kuingia kwenye mmea, wala haipimi uchachu. Kwa hayo pelekeni mifuko michache Kitivo cha Agronomia cha Chuo Kikuu. Wanafunzi wa pale wanahitaji viwanja vya utafiti kuliko mnavyohitaji ninyi majibu.

Sasa chokaa na mboji. Katika jaribio lile la 2010 walitumia chokaa kilo 0.2 kwa meta ya mraba, na mahali pengine kilo 1. Mboji ilikuwa kilo 4.5, na mahali pengine 22.5. Chokaa ilipunguza shaba kwenye majani na kuongeza uzazi wa nyasi zaidi ya mboji, lakini ile mboji nyingi nayo ilizipa nyasi maisha marefu na masuke zaidi. Mimi nachanganya vyote viwili. Kwa nusu hekta, kilo 1 ya chokaa ni tani 5, jambo ambalo chama kinaweza kulipanga kwa awamu, na Kakontwe pale Likasi, inakochimbwa chokaa, si mbali. Mboji ya kilo 22.5, hapana: ni zaidi ya tani 110, hamtazipata. Kwa hiyo msitandaze kiwanja kizima. Wekeni kwenye mistari na kwenye mashimo ya miti, mavi ya kuku yaliyooza vizuri (mabichi yanaunguza), mabaki ya soko, pumba. Chokaa iliyotoka tanurini moto moto inachoma mizizi na macho pia, kwa hiyo nunueni iliyozimwa au mawe ya chokaa yaliyosagwa, muichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kama vipimo vimeonyesha aseniki, punguzeni mkono, kwa sababu aseniki ina tabia ya kinyume, udongo ukipoteza uchachu inaweza kulegea badala ya kujibana.

Msiogope kwamba kilo moja kwa meta ni uchawi wa maabara. Sudbury, mji wa nikeli na shaba huko Kanada, ulikuwa na vilima vyeusi vilivyounguzwa na matanuru kama vyetu. Tangu 1978 watu wa mji, wengi wao vijana wa kazi za likizo, walibeba mifuko ya mawe ya chokaa mabegani kupanda vilimani, tani 10 kwa hekta, ambazo ni kilo moja ileile kwa meta. Wakafuata na mbolea na mbegu za nyasi, kisha mamilioni ya miti. Lakini angalia walichotanguliza: moshi ulipunguzwa kwanza. Kama karibu nanyi kuna mtu anayesaga mawe au kumwaga mabaki ya madini leo hii, vumbi lake litashinda chokaa yenu, na hapo kazi ya kwanza ni kwa mkuu wa kartie (mtaa).

Miti? Katika mashimo, jazeni udongo wa kichuguu. Nyie wenyewe mnajua vichuguu vyetu vikubwa vya miombo, vingine vinafika meta nane, na wafyatua matofali wanavijua zaidi. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na mara nyingi una chokaa yake ya asili, kwa hiyo mche unapata nafasi ya kujijenga kabla ya kukutana na shaba. Uchukuliwe mahali ambapo moshi haukufika. Pandeni akasia (Acacia auriculiformis) kwa ajili ya makala na fito: inatia naitrojeni udongoni, na miti mingi huiacha shaba kwenye mizizi zaidi ya kwenye shina. Mji huu unakula miombo kwa mifuko ya makala kila siku, kwa hiyo hamtakosa mnunuzi. Mikaratusi siipendi mahali kama hapo, chini yake hapaoti nyasi, na nyasi ndizo kifuniko chenu.

Na ile sakafu ya beto, msiivunje! Watu wengi huiona uchafu. Mimi naiona ndiyo sehemu bora ya kiwanja chote, maana imeshafunika sumu bila ninyi kulipa. Huko Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilifungwa 1985, na mbunifu Peter Latz hakukibomoa: matanuru yakabaki, mabohari ya beto yakawa bustani zenye kuta, na udongo mchafu kupita kiasi ukafungiwa ndani ya baadhi ya mabohari hayohayo. Hamna pesa ya Wajerumani, lakini wazo halilipiwi. Juu ya beto jengeni vitanda vya matofali vyenye kimo cha goti, mjaze udongo safi na mboji. Hapo, na hapo tu, ndipo mtalima lengalenga na matembele yenu. Sehemu nyingine ya sakafu ifanyeni kitalu cha miche ya maembe, maparachichi, akasia, ya kuuza mjini. Kwa maoni yangu kitalu kitawalipa kuliko mboga, na hakuna atakayeila miche.

Kwa nini ninakuwa mkali juu ya mboga? Mboga za majani zinapata metali kwa njia mbili, mzizini na vumbini, na majani ya lengalenga ni mapana, hayajifichi. Utafiti uliochapishwa 2009 na timu ya Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ulipima mikojo ya watu wa Katanga, na wale wanaoishi karibu na migodi na matanuru walikuwa na kobalti nyingi sana, watoto wakiwa mbele. Hiyo haikuingia kwa mlango mmoja. Kwa hiyo hata zile za kwenye vitanda, pandeni ua mnene wa miti upande upepo unakotokea, osheni mboga kwa maji mara mbili tatu, na maji ya kumwagilia yasitoke kwenye mfereji unaopita hapo. Mama mjamzito mwenye hamu ya kula udongo aambiwe wazi kwamba wa hapo si wa kuliwa. Mahindi kwenye udongo wenyewe? Punje hubeba metali kidogo kuliko majani, lakini siwashauri mwanzoni. Subirini majibu ya Kitivo.

Maji ya mvua yaelekezeni kwenye shimo pana chini ya kiwanja, lenye matete, yatulie na kuacha tope kabla ya kutoka. Tope hilo likijaa lirudisheni juu, ndani ya ua wenu, lisitoke nje.

Limebaki neno "kwa mdomo" lililo kwenye swali lako, ambalo limenisumbua kuliko shaba. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali, na mtu anakuwa na haki ya kuitumia kwa hati tu. Tena hapa kwetu haki ya juu ya ardhi na haki ya madini ni vitu viwili, na mabaki ya viwanda yanaweza kuhesabiwa madini. Ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru ulikuwa takataka mpaka bei ya kobalti ilipopanda, kisha likajengwa tanuru zima la kuuchakata. Mkishaufanya udongo wenu uwe wa kijani, anaweza kutokea mtu na karatasi. Kwa hiyo kabla ya tani ya kwanza ya chokaa, nendeni kwenye ofisi ya hati za ardhi mkaulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kisha Cadastre Minier, ofisi ya vibali vya madini, mkaulize kama kuna kibali cha madini juu yake. Mkutano na mwenye kiwanja ufanyike mbele ya mkuu wa kartie, mkataba utaje miaka, na miaka hiyo isipungue ile ambayo akasia inahitaji ili ikatwe. Hayo yafanyeni sasa wakati wa kiangazi, maana nyasi hazipandwi kabla ya Novemba.